Kayamba ya Triza Imeshika Laini

Nianze na mfereji, kwa sababu bila mfereji hamtamwelewa Triza.

Kwetu, zile nyumba za reli tulizozaliwa, block nzima ilikuwa na mfereji mmoja. Ulikuwa nje, kwa kona, na saruji chini yake ilikuwa imelika na maji mpaka ikafanana na sahani. Maji yalikuja yakijisikia. Kwa hivyo asubuhi, hata kabla hujapiga mswaki, unatoa mtungi, unauweka laini, yaani foleni ya mitungi, unarudi zako ndani kunywa chai. Mtungi ndio unasimama. Wewe unapaka siagi kwa mkate, mtungi wako uko nje unakungojea na baridi yake.

Sheria zilikuwa mbili na hakuna mahali zimeandikwa. Ya kwanza: mtungi ulio laini hautolewi. Hata kama mwenyewe mmekosana, hata kama jana alikutusi mbele ya watu, mtungi wake hauguswi ila kusukumwa mbele. Aliyejaza akitoka, anayefuata anasukuma na mguu, wake na ya wenzake wote walio ndani wanakunywa chai. Ya pili: mtungi wako ukifika mfereji, uwe hapo. Ukikosekana unarukwa, na usilie.

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu. Ile ingine ya uniform sikumbuki walinifunza nini.

Sasa Triza. Triza Nasambu, kifungua mimba wa Mzee Makokha wa reli, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mamake alikuwa anauza nguo za mtumba soko la Gikomba, na bado anauza. Triza tumelingana. Tulicheza pamoja, kama kucheza ni mimi kurusha mpira ukutani na yeye kukaa kwa ngazi akiangalia mpira ukirudi. Aliupenda ule mpira. Mimi nilikuwa tu mtu wa kuurusha.

Kile hakuweza ni watu wanaoingia. Mnajua nyumba ya Waluhya. Mgeni akiingia anapeana mkono kwa kila mtu, kuanzia mzee mpaka mtoto aliyelala, na kila mkono una swali lake. "Huyu ndiye yule? Amekua! Unasoma darasa gani? Mbona huongei? Paka amekula ulimi?" Triza alikuwa akisikia viatu vya wageni mlangoni, yuko chini ya meza. Shangazi za Bungoma walisema ana maringo. Wengine walisema amelogwa. Mama yangu, ambaye ni Mjaluo na hapendi hadithi ndefu, alisema, "Mtoto hataki mikono yenu, wacheni ashike yake."

Alipofika miaka kumi na saba ndio daktari mmoja wa kliniki alisema jina lake: usonji. Na juu ya usonji, akasema, huyu msichana ana hofu kubwa ya kuwa mbele ya watu, na hofu hiyo imekua pamoja naye. Mzee Makokha akauliza dawa ni gani. Daktari akasema hakuna dawa, kuna kuelewana naye na kumpa muda.

"Ala," Mzee akasema, "hiyo si tulikuwa nayo?"

Nitasema hii mara moja halafu niendelee. Nyinyi mkisikia usonji mnaona mtoto mdogo kwenye bango, ana macho makubwa, na chini wameandika tumpende. Huyo mtoto hukua. Anafika miaka ishirini na mbili, anashona vifungo na kupiga pasi nguo za mtumba za mamake vizuri kuliko fundi, na anaogopa chumba chenye watu kama wewe unavyoogopa mbwa asiyefungwa. Na msiniambie hataki watu. Hapo ndipo mnakosea nyote, na wale wa shahada pia. Triza anawataka watu sana. Shida yake ni kuingia.

Kwa mfereji hakukuwa na kuingia.

Mtungi wake ulikuwa wa manjano kama ya kila mtu, lakini alikuwa ameufunga kitambaa cha buluu kwa mshikio. Alikuwa anautoa wa kwanza, giza likiwa bado na usingizi, halafu anarudi kukaa kwa ngazi na shuka amejifunika mpaka kidevu. Kutoka hapo anaangalia. Laini inajaa. Mama wa samaki anakuja na ndoo zake, watoto wa Kadar fundi viatu wanakuja wakipigana, redio ya Mzee fulani inasoma matangazo ya vifo. Na mara kwa mara unasikia:

"Sukuma ya Triza!"

"Nimeisukuma, kwani huoni?"

"Wee, hiyo ni yangu. Ya Triza ni ile iko na kitambaa."

"Triza, imebaki mbili, maliza uji!"

Na yeye pale kwa ngazi anacheka. Anacheka mpaka shuka inaanguka. Siku moja nikamuuliza, "Unacheka nini?"

"Wananisukuma," akasema.

Hakuna mtu wa ile block alikuwa na jina linaitwa kwa sauti mara nyingi kila asubuhi kumliko, na hakuwa amesalimia hata mmoja. Mtungi ulikuwa umemsalimia kwa niaba yake. Ukifika mfereji anashuka, anajaza, mikono ya kila mtu imeshika kitu, hakuna wa kumpa mkono. Aliye nyuma anamwambia tu, "Ni wewe unafuata." Anajaza, anaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi, na yalimtosha. Mimi sijawahi kupata mazungumzo mazuri hivyo kwa simu.

Ni hapo pia Mama Wanza alimpata. Mama Wanza alikuwa anaongoza kwaya ya kanisa letu, mama wa Kikamba, mnene, sauti kama tarumbeta, mgomvi hata na Mungu. Asubuhi moja maji yamekatika, mitungi imesimama, Triza ameshuka akakaa karibu na wake na anaupiga kwa viganja. Polepole. Anajaza mahali wimbo wa redio umeacha shimo. Mama Wanza akaacha kugombana na aliyekuwa anagombana naye.

"Huyo ni nani anapiga hivyo?"

"Ni Triza wa Makokha."

"Na mmekaa naye hapa hamniambii?"

Jumapili hiyo akamletea kayamba. Mnaijua kayamba, ile ya matete yamefungwa bapa kama trei, ndani kuna mbegu, ukiitingisha inalia kama mvua kwa mabati. Hakumwambia akuje mbele. Alimwonyesha mahali nyuma ya kabati ya vitabu vya nyimbo, ambapo unasikia kila kitu na hakuna anayekuona. Triza akacheza hapo miaka yote ya ujana wake. Wageni wa kanisa walikuwa wanageuka kutafuta mvua inatoka wapi.

Najua nostalgia ni ugonjwa. Hizo nyumba zilikuwa mbovu. Choo kilikuwa cha block nzima, na panya walikuwa na viburi vya maaskari. Lakini wacheni nizikumbuke hivi.

Halafu tukaambiwa tuhame. Zinajengwa ghorofa. Watu wakatawanyika kama mbegu za kayamba iliyopasuka: sisi Umoja, Mama Wanza Kayole, wengine wakarudi nyumbani magharibi kabisa. Kina Triza wakapata nyumba Komarock, nzuri, vigae chini, geti lina mlinzi.

Mamake aliniambia ile siku ya kwanza. Alikuwa amesimama jikoni anafungua mfereji na kuufunga, anafungua na kufunga, kwa furaha. Maji ndani ya nyumba! Triza akaja akaangalia. Akaangalia chini ya sinki. Akaenda mpaka mlangoni, akaangalia koridoo, milango imefungwa yote.

"Laini iko wapi?" akauliza.

"Hakuna laini, mama. Maji ni yetu peke yetu."

Triza akaenda chumbani na hakutoka mpaka chakula cha jioni.

Unaweza kukaa Komarock mwaka na jirani asijue jina lako. Wengine wanalipia hiyo. Lakini kwa mtu ambaye hawezi kubisha mlango, mlango uliofungwa ni ukuta tu. Ikabaki kanisa.

Kanisa jipya lilikuwa karibu, mabati mazuri, viti vya plastiki, pasta kijana mwenye moyo. Sina ubaya na yeye. Shida ilikuwa ile desturi mnayoijua: katikati ya ibada, wageni wasimame. Wasimame watuambie jina, wanatoka wapi, na kama wameokoka. Halafu wanafungwa utepe kwa mkono, watu wanapiga makofi, na baada ya ibada wanapelekwa kunywa chai na wazee. Kwa watu wengi ni raha. Unakunywa chai ya bure.

Triza alienda na kayamba yake ndani ya mfuko. Alikuwa ameamua. Alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, amevuta kofia ya sweta mpaka kwa nyusi. Mkaribishaji anaitwa Caleb, kijana msafi, koti kubwa kumliko, kazi yake anaipenda sana. Akamwona.

"Pasta, tuko na dada hapa nyuma!"

Kanisa zima likageuka. Mamake akasimama haraka. "Bwana asifiwe. Huyu ni binti yangu, anaitwa Triza, tumehamia hapa kutoka…"

"Mama," pasta akasema, anatabasamu, "wacha aseme mwenyewe. Dada ni mkubwa huyu."

Watu wakacheka, kicheko kizuri, cha kumtia moyo. Na wakangoja. Nyinyi mnaona kungoja ni adabu. Kwa Triza ni kama kushikiliwa chini ya maji. Alisimama. Mdomo ulifunguka. Hakukutoka kitu. Akaanza kutikisa mkono, ule ulioshika mfuko, na kayamba ikaanza kulia mle ndani, sha-sha-sha, na hakuweza kuisimamisha.

Hapo pasta, na moyo wake wote mzuri, akasema kuna roho ya uoga, tuikemee. Na wakaja. Kina mama wa maombi, wazee, Caleb na utepe wake. Wakamwekea mikono. Kichwani, mabegani, mgongoni. Mikono yote aliyokimbia tangu utotoni chini ya meza, siku moja.

Mamake alimtoa akiwa amejikojolea. Naandika hivi kwa sababu Triza mwenyewe alisema niandike. "Waambie," akasema. "Wakijua hawatashika mwingine."

Baada ya hapo kayamba ikaenda juu ya kabati la nguo, kulala kifudifudi. Hakuicheza hata nyumbani. Akaacha kwenda dukani. Akaacha kukaa kwa dirisha. Mimi nikienda kumwona tunakaa, anashona vifungo, namwambia stori za mtaa, anasema "sawa". Kabla ya hapo alikuwa ananikata katikati: "Hiyo ulishasema." Sikujua nitaikosa hiyo.

Mamake alinisindikiza getini jioni moja. "Willis," akasema, "mimi na mzee tunaenda, hii si siri. Kule nikifa, block nzima ingejua Triza hajatoa mtungi leo. Hapa nani atajua?"

Nikasema Mungu yuko. Ni kitu unasema ukiwa huna jibu.

Sasa, Mama Wanza hakuja kutuokoa. Alikuja kutafuta sufuria. Kabla ya kuhama alikuwa amemwazima Mama Triza sufuria kubwa ya matanga, ile ya kupika chai ya watu mia, na sasa alikuwa na msiba Kayole. Mimi nikaitwa nibebe, kwa sababu nina mgongo na sina kazi ya ofisi. Ilikuwa Jumamosi mchana. Aliingia akilalamika kutoka getini.

"Mlinzi ananiuliza naenda kwa nani! Mimi! Nikamwambia naenda kwa sufuria yangu."

"Karibu, Mama Wanza. Kaa."

"Nikae nini, watu wanangoja chai. Sufuria iko? Umeikwaruza? Umeikwaruza. Ngai, Mama Triza, ulikuwa unapika mawe?" Kisha macho yakapanda juu ya kabati, kupitia mlango wa chumba uliokuwa wazi. "Na ile?"

Mama Triza akamweleza kwa sauti ya chini. Wageni, mikono, yote. Mama Wanza akasikiza, na mimi sijawahi kumwona akisikiza. Alipomaliza akapaza sauti kuelekea chumbani, bila hata hodi.

"Triza! Leta hiyo kayamba yangu, nimpe mtu anayecheza."

Sauti ikatoka chumbani: "Si yako."

"Ni ya kwaya. Ni mimi nilinunua."

"Ulinipa. Ukipeana kitu si yako tena."

"Basi icheze!"

"Siwezi kuingia."

"Kwani nani amekuambia uingie? Kayamba ndiyo inakaa bure hapo. Wewe kaa. Kayamba imekosa nini?"

Alisema kwa hasira tu, mgomvi kama kawaida yake. Lakini kule ndani Triza aliinuka. Tukasikia stuli ikivutwa. Tukasikia kabati likifunguliwa, bafu likifunguliwa, mahali ule mtungi wake wa zamani ulikuwa unakaa. Triza akatoka ameshika kayamba, na kwenye ukingo wake alikuwa amefunga kile kitambaa cha buluu cha mtungi. Hakumtazama yeyote. Akaiweka juu ya sufuria.

"Ipeleke," akasema. "Iweke laini."

"Laini gani tena, mtoto wangu?" mamake akauliza, karibu alie. "Maji yako jikoni."

Mama Wanza alimwangalia Triza, akaangalia kitambaa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa, yeye aliyekataa kukaa, na akapiga sufuria makofi.

"Huyu," akasema, "huyu ni mtu wa kwetu. Willis, beba. Hiyo kwaya ya kanisa la hapa inafanya mazoezi saa ngapi?"

Walikuwa wanafanya saa hiyo hiyo. Tukaingia kanisani mimi na sufuria kichwani, Mama Wanza na kayamba mbele kama ameshika upanga. Kwaya ikanyamaza. Vijana wa rika langu wengi, na msichana mmoja mwenye sauti nzito anaitwa Shirleen alikuwa anawafundisha wimbo.

"Nani hapa amekulia mahali pa mfereji mmoja?" Mama Wanza akauliza. Bila habari zenu, bila Bwana asifiwe.

Wakaangaliana. Mkono mmoja ukapanda, halafu mingine. Dandora. Pumwani. Kayole ya zamani. Karibu wote.

"Basi huu ni mtungi." Akaiweka kwa kiti cha mwisho cha kwaya, kando ya ukuta. "Mwenyewe yuko nyumbani, anakunywa chai."

Watu wakaanza kucheka, lakini hakuna aliyeuliza maana yake. Hiyo ndiyo ilinishangaza. Ungesimama hapo na semina ya siku mbili juu ya vijana wenye usonji, wangelala. Lakini mtungi walielewa papo hapo.

Shirleen ndiye aliuliza, na aliuliza swali la haki. "Na ukifika mfereji, mathe?"

"Atakuja. Asipokuja, mruke. Willis, twende, watu wana kiu Kayole."

Basi ikawa hivyo. Kwa ile kwaya, wapya hukaa nyuma kabisa na wanasogea mbele mtu akiolewa au akihama, mpaka wanafika karibu na ngoma. Kayamba ikaanza kusogea. Jumapili moja Caleb alikuwa anapanga viti, akaiokota, akauliza, "Hii takataka ni ya nani?"

"Iko laini!" kwaya nzima ikamjibu.

"Iko nini?"

"Caleb, rudisha mtungi wa watu. Wewe ulikulia wapi, Karen kwa matajiri?"

Akairudisha. Akafuta kiti na leso kwanza, maskini, ili wasimchekelee zaidi.

Na nyumbani kila mamake akirudi kutoka kanisani, kabla avue viatu:

"Imefika wapi?"

"Imetoka kwa ukuta. Iko nyuma ya yule kijana mrefu."

"Nani alisukuma?"

"Shirleen."

"Na mguu?"

"Mguu kanisani, Triza? Na mkono."

Triza alifikiria hiyo. "Walisema nini?"

"Alisema, 'Sukuma ya Triza.'"

Mamake aliniambia hakucheka. Lakini alienda kukaa kwa dirisha, mahali alikuwa ameacha kukaa, na akajifunika shuka mpaka kidevu.

Nilikuwa naogopa ile sheria ya pili. Sheria ya kwanza inapendwa na kila mtu, ni tamu, unakunywa chai watu wakikusukuma. Ya pili haina huruma. Na siku ikafika. Shirleen akatuma neno: msaidizi wa mpiga ngoma amehama, kiti cha kando ya ngoma kiko wazi, kayamba iko hapo. Imefika mfereji. Jumamosi.

Jumamosi Triza alipiga pasi sweta yake ya kofia. Mamake alitaka kumsindikiza, akakataa. Nilimfuata mimi kwa mbali, na alijua, kwa sababu aligeuka akasema, "Usitembee kama polisi." Alifika geti la kanisa akasimama. Alisimama sana. Magari ya Kangundo Road yanapita, mtu wa mahindi choma anapepea jiko, ndani kwaya inaimba na wimbo una shimo mahali ambapo kayamba ingekuwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia mamake.

Halafu akasema, si kwangu, kwa hewa, "Wataniruka." Na akaingia.

Hakuna aliyekimbia kumkaribisha. Hakuna aliyenyoosha mkono, kila mkono ulikuwa umeshika kitabu cha nyimbo. Hata hawakuacha kuimba. Triza alitembea akigusa ukuta mpaka kwa kile kiti. Shirleen akamtupia jicho kidogo tu, kama mtu anayeangalia kama ndoo imejaa.

"Ni wewe unafuata," akamwambia.

Triza akaiokota kayamba, akakaa, na ubeti uliofuata mvua ikanyesha kwa mabati.

Jumapili yake nami nilienda, mimi mpagani. Nikakaa kiti cha mwisho. Kwaya iko mbele, Triza yuko nusu nyuma ya ngoma, kofia imefika kwa nyusi. Na ikafika ile saa. Wageni wasimame. Nikaona Caleb anakuja kwa ukingo na utepe, macho yake yamemshika. Nikaona mamake anaanza kuinuka. Nikaona kayamba inaanza kulia bila kuchezwa, sha-sha-sha.

"Naona kwaya imepata mgeni," pasta akasema, anatabasamu vilevile.

"Si mgeni," Shirleen akasema.

"Simfahamu, ndiyo maana…"

"Pasta, ameshika laini kitambo," mpiga ngoma akasema. Na nyuma yake kwaya yote, na baadaye hata kina mama wa viti vya kati ambao kayamba ilipita mbele ya macho yao Jumapili baada ya Jumapili: "Huyo ako laini! Ako laini!"

Caleb akasimama hapo na utepe wake. Pasta akamwangalia Triza, akaiangalia kayamba na kitambaa, na nafikiri hapo ndipo alikumbuka ule mfuko uliokuwa unalia. Tabasamu likamtoka. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Kama ako laini," akasema, "mwacheni achote. Wimbo."

Akacheza wimbo mmoja na nusu. Nusu ya mwisho ilimshinda, akatoka kwa mlango wa kando kabla ya sala ya kufunga, kabla ya ile foleni ya mikono pale nje. Jumapili iliyofuata akacheza miwili, akatoka. Sasa ndivyo anafanya. Hajawahi kunywa ile chai ya wazee, hajasema jina lake kwa kipaza sauti, na hofu haijaisha, ananiambia kila wiki inamrudia kuanzia Ijumaa. Lakini juzi alikuwa na homa hakuenda, na kabla sala haijaisha Shirleen alikuwa getini Komarock anabishana na mlinzi.

Mamake alinipigia simu kuniambia hiyo. Hakusema kingine. Alikuwa analia tu, na mimi nikamwacha alie kwa gharama yake.

Wiki iliyopita nilipita kule kwetu. Ghorofa zimepanda, kona ya mfereji iko mahali fulani chini ya maegesho ya magari. Nilisimama nikitafuta ile saruji kama sahani mpaka mlinzi akaniuliza naenda kwa nani. Nikaenda nikamwambia Triza. Alikuwa anashona kifungo.

"Ulitafuta nini?" akasema. "Mfereji hauna kazi. Kazi ni laini."

Nikamuuliza basi kwa nini kayamba haiko nyumbani, mbona juu ya kabati ni patupu, mbona haibebi afanye mazoezi. Aliniangalia kama mtoto wa juzi asiyejua maji yanatoka wapi.

"Kayamba inabaki kwa kiti chake," akasema. "Nikiitoa, laini nitaanza wapi?"